Siku Bwana Vilele Alipolipanda Kabati

Njooni, enyi wapenzi wa habari nzito! Sogezeni viti, zimeni simu, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi, maana nisimuliayo hayakatizwi. Ni habari za Bwana Vilele, simba wa kaunta, mwenye kuijua nchi yetu ya milima bonde kwa bonde, ambaye kwa miaka ishirini na mmoja aliwatuma wasafiri kileleni bila yeye mwenyewe kunyanyuka kitini.

Asubuhi hiyo waliingia katika ofisi yake ya safari wageni wawili, mwalimu mstaafu na bintiye. Binti alitaka milima. Mama alitaka kurudi nyumbani, na wala hakuficha.

Bwana Vilele akasimama mbele ya ramani, akanguruma: "Enyi wageni! Nchi hii Mungu aliikunja kama shuka, na kila mkunjo ni mlima! Siku tano mtapanda. Nendeni polepole, kunyweni maji, na msitazame chini!"

"Sawa, baba," mwalimu akasema. "Basi tupe hicho kitabu cha njia tukisome."

Lahaula! Vitabu vya njia vilikuwa juu ya kabati, na mshushaji wake, karani mrefu waliyemwita Ngongoti, alikuwa ameenda kung'oa jino. Na siri ambayo hata mkewe aliijua nusu tu ni kwamba bingwa wetu anaogopa kupanda stuli.

"Karani wangu atarudi mchana," akanena, jasho likimtoka.

Binti akamsogelea, akamnong'oneza: "Baba, basi letu linaondoka saa nne. Mama akipata kisingizio kimoja tu, safari imekufa. Nimembembeleza miaka mitatu!"

Hapo moyo wa bingwa ukachemka. Akavua viatu. Akanywa glasi nzima ya maji, kama alivyowafundisha wengine. Akaweka mguu wa kulia. Stuli ikalia, naye akalia zaidi. Wallahi, yapo majeshi yaliyovuka mito kwa kelele chache kuliko hizo! Alipofika juu, goti la kushoto likaanza kucheza lenyewe, naye akafumba macho akalikumbatia kabati.

"Baba," mwalimu akauliza taratibu, "kwani wewe umepanda mlima upi?"

Angeweza kudanganya. Wengi ameshawadanganya.

"Huu ndio wa kwanza, mama," akasema. "Na naogopa mno."

Mwalimu akaja, akaishika stuli kwa mikono miwili. "Polepole. Usitazame chini. Nyoosha mkono, kulia kidogo... hapo hapo!"

Mkono ukapapasa vumbi, ukagusa karatasi, ukashika. Akateremka na kitabu kimoja, na utando wa buibui nyusini. Binti akapiga vigelegele.

"Mimi nilikuja kutafuta sababu ya kughairi," mwalimu akasema, akikitia kitabu mkobani. "Sasa mtu anatetemeka hivi na anafika, nitamwambia nini mwanangu? Twende, tusiachwe na basi."

Lakini kwanza akachukua mezani cheti kimoja, vile wapewavyo wanaorudi kutoka kileleni, akakijaza kwa mwandiko wa ubaoni. Mlima: Kabati. Urefu: mita mbili. Hali ya hewa: vumbi.

Basi andikeni, enyi waandishi wa enzi! Cheti kile kipo ukutani hadi leo. Bwana Vilele alikitundika kwa mikono yake mwenyewe, bila stuli, usawa wa kiuno. Ngongoti akitaka kukisoma, hupiga magoti.