Njoo Uchukue Msumeno Wako

Kwa Ndugu Fundi, Mfua Misumeno,

Pokea salamu zangu, ingawa hustahili zote. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mume wa yule seremala uliyemuuzia msumeno uliouunda kwa mikono yako. Nakuomba kwa heshima na taadhima uje uuchukue, kwa sababu hizi:

1. Unafanya kila kitu. Zamani mke wangu alikuwa na misumeno mitatu: wa kupasua mbao kwa urefu, wa kukata kwa upana, na mdogo wa kukatia viungo. Kila alipobadilisha, alinyoosha mgongo, akaniita, tukanywa chai na kuwasengenya majirani kidogo. Huu wako unapasua, unakata, unaunga, wala hauachi nafasi ya kikombe kimoja. Karakana iko nyuma ya jiko letu, lakini nina hamu na mke wangu kama vile amesafiri.

2. Msumeno, kwa sarufi niliyoifundisha maisha yangu yote, ni "huu". Yeye anasema "huyu". Juzi nilimsikia akimwambia dada yake kwenye simu, "Huyu mwenzangu hanuni, na akishika mstari hauachi." Nikadhani nasifiwa mimi. Nikaenda kuoga, nikavaa shati la kutokea.

3. Viti vyetu havitikisiki tena. Kimoja nilikiacha makusudi kilegee miguu kwa ajili ya shemeji, kaka wa mke wangu. Akikikalia kidogo tu, anakumbuka ana shughuli kwake. Sasa kimekatiwa viungo vipya bila hata msumari mmoja, vimebana hata wembe haupenyi. Shemeji anakuja asubuhi na gazeti lake.

4. Jana ndipo nilipoogopa hasa. Viti vimekwisha, meza imekwisha, mlango wa bafu umekwisha, naye amesimama na msumeno anatafuta cha kukata. Akaitazama miguu yangu, akafumba jicho moja. "Mume wangu, kumbe wa kushoto umezidi kidogo." Tangu hapo nakaa nimeikunja.

Kwa hiyo njoo uuchukue. Ukishindwa, uung'oe meno mawili matatu kwa siri, nao uanze kuchoka kama sisi wengine.

Nisalimie mkeo, watoto, majirani na yeyote anayekusaidia kupuliza moto. Mungu awape wote afya, ila wewe usipate nguvu ya kufua msumeno mwingine.

Wako mwenye uchungu,
Mume wa Seremala

Nyongeza: Nilikuwa nimeshabandika stempu mke wangu aliponiita nimshikie ubao. Nikamwomba anifundishe na mimi. Akasimama nyuma yangu, akaweka mkono wake juu ya wangu kwenye mpini, tukakata taratibu mpaka mwisho. Tafadhali usije. Kama ulishika njia kabla ya kusoma mpaka hapa, geuza. Nimeelewa tangu mkato wa kwanza, lakini nimemwambia sijaelewa hata kidogo, naye ameahidi kunifundisha tena kesho.