Cheti cha Mzee Ambrosi

Adinani wa Ng'ambo alikuwa na vyeti vitatu vya chuo, vyote vya watu wengine. Tangu masomo yahamie kwenye simu, hakuna Tabora nzima aliyemzidi kwa elimu wala kwa uvivu: alisoma amejilaza mkekani, bando likilipiwa na mwanafunzi mwenyewe.

Siku moja, barazani kwa muuza kahawa, akamsikia Mzee Ambrosi, mtunza ghala la mbolea pale Gongoni, akilalamika. Chama cha wakulima kilimtaka asome kozi ya utunzaji wa ghala mtandaoni, la sivyo kazi hana. Adinani akahama benchi.

"Shikamoo, mzee. Hilo tu ndilo linalokukondesha?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi simu najua kupokea tu."

"Basi wewe utapokea cheti. Kusoma niachie mimi, na ile pikipiki yako."

Mzee akasikitika kidogo, kama ilivyo adabu ya mtu anayeliwa, kisha akakubali.

"Lakini chuo si kinataka sura?"

"Tutaweka yangu. Huko nani anakujua?"

"Kweli," mzee akasema kwa upole. "Hata viongozi wapya wa chama hawajawahi kuniona."

"Ndiyo vizuri zaidi!"

Mtihani ukafika. Swali la kwanza: anayekabidhiwa ghala afanye nini kabla ya yote? Adinani akajibu bila kupepesa macho: ahesabu mzigo kwanza, ndipo akubali kuwa ni wake. Mwalimu, mwenye wanafunzi mia mbili asiowajua hata mmoja, akampa alama zote. Adinani, aliyefukuzwa shule kidato cha pili, alifurahi kwelikweli.

Cheti kikatoka: jina la Ambrosi, picha ya Adinani. Adinani akaidai pikipiki.

"Usijali," mzee akasema. "Alhamisi wakubwa wa chama wanakuja kumpongeza mhitimu. Kaa mezani kwangu nusu saa tu. Wapakiaji nimewapa likizo. Ufunguo wa pikipiki utaukuta kwenye droo."

Alhamisi wakaja watatu. Mmoja alishika nakala ya cheti, akaitazama picha, akamtazama Adinani.

"Wewe ndiye Ambrosi?"

"Mwenyewe! Jina hilo na sura hii havijawahi kuachana."

"Na ghala hili ni lako?"

"Hapa haiingii wala haitoki punje bila mimi."

"Vizuri sana, msomi. Basi tueleze kitaalamu: mifuko mia nne ya mbolea ya wakulima wa Goweko iko wapi?"

Kwa mara ya kwanza Adinani akageuka kutazama nyuma. Ghala lilikuwa tupu, sakafu imefagiliwa. Yule wa tatu, kumbe askari kanzu, akatoa pingu.

"Jamani, mimi si Ambrosi! Mimi nilimfanyia mtihani tu!"

"Hilo nalo ni kosa. Tuanze kuandika lipi?"

Adinani akavuta droo. Ufunguo ulikuwamo, maana Mzee Ambrosi hakuwa mtu wa kuvunja ahadi. Mwenyewe alikuwa ndani ya treni ya Kigoma, akiifuata njia ambayo babu zake waliipita na mizigo kichwani. Yeye alikwenda mikono mitupu; mzigo alikuwa ameshauuza.

"Umeshakubali mbele yetu kuwa ghala ni lako," akaambiwa. "Uliuhesabu mzigo lini?"

Jibu alikuwa nalo. Lilikuwa la swali la kwanza la mtihani, na huko alipewa alama zote.