Sosi Iliyotiwa Kwenye Chupa ya Dawa Yangu

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii inakukuta ukitafuna kitu cha maana.

Mimi ni msomaji wako wa kila siku. Sijaruka toleo hata moja. Basi, nisiseme uongo na meno yenyewe yamebaki machache: gazeti lako hunifikia likiwa limefunga nyama kutoka bucha. Ikija kilo nzima nasoma habari kamili. Ikija nusu, vichwa vya habari tu.

Sasa gazeti hilohilo limenigeuka. Kipande kilichofunga nyama ya mwisho kilikuwa cha ukurasa wenu wa jikoni. Mama anayeuandika alishauri watu wale saladi za mboga za msimu, na sosi watengeneze wenyewe. Mke wa mwanangu akakianika, akakibandika ukutani. Malalamiko yangu ni haya:

1. Msimu. Ulipokuwa wa matango, tulikula matango wiki tatu. Ukaja wa figili, watu wakaanza kunisalimia kwa mbali. Sasa ni wa majani, na mimi sina pembe. Nauliza kwa heshima: kama kila kilichopitwa na msimu kinaondolewa mezani, mimi nitakaa wapi?

2. Nyama isipoingia, gazeti haliingii. Mpaka leo sijui kesi ya yule diwani iliishaje. Umejifukuzia msomaji kwa kalamu yako mwenyewe.

3. Hili ndilo linalouma. Sosi yenyewe ni mafuta, ndimu, asali, haradali na kitunguu saumu. Mkwe wangu aliitia kwenye chupa ya dawa yangu ya kikohozi iliyokwisha. Aliiosha ndani, nje akaacha karatasi: Tikisa kabla ya kutumia, vijiko viwili mara tatu kwa siku. Shule niliishia darasa la tatu, lakini maagizo ya daktari nayatii. Nilitikisa. Nikanywa siku nne.

4. Chupa mpya ya dawa, pacha wa ile, ikabaki jikoni. Jumapili mama yake mkwe wangu alipokuja kututembelea, akamiminiwa dawa juu ya saladi. Alisifu, akaongeza, akasinzia na uma mkononi. Mkwe akaziinua chupa zote mbili dirishani, akanigeukia.

"Baba, nani anakunywa sosi yangu?"

Nikamjibu kwamba mimi nakunywa dawa, na ikiwa tamu ni bahati ya mgonjwa. Hakucheka. Alibandua kile kipande ukutani, akakichana.

Kwa hiyo naomba ukurasa wa jikoni ufutwe, kwa usalama wa taifa.

Wasalimie wote ofisini, mpaka anayefagia, na hata huyo mama wa saladi, japo sijamsamehe.

Wako mtafunaji,
Fundi cherehani mstaafu, nyumba ya nyuma ya bucha

Nimesahau: nyama imerudi. Leo siku ya tatu iko mbele yangu, na bila ile sosi ni kama natafuna mkanda. Kikohozi nacho, kilichokuwa kimekwisha, kimerudi. Kumwomba mkwe kwa mdomo wangu siwezi. Nimeshamsema mtaa mzima. Lakini wewe unakumbuka suruali yako ilivyopasuka nyuma, saa moja kabla ya harusi ya binti yako, nikaishona umejifunga kitambaa cha meza. Sijamwambia mtu mpaka leo. Ulisema wema huo ni deni kwako. Basi ichape tena ile sosi, ila iweke ukurasa wa michezo. Huo ndio mwenye bucha anaofungia nyama siku hizi.