Barua Iliyokwenda kwa Watu Kumi na Saba

Jumatatu, 3 Machi
Daktari amesema niweke mambo yangu sawa. Nina moja tu. Miaka kumi na miwili iliyopita, seva, kompyuta kuu ya maktaba tuliyofanyia kazi, ilituma onyo la kitabu kimoja kilichochelewa kwa wanachama wote elfu tatu. Kosa langu. Nikasema la Shemeji, aliyekuwa mkuu wangu pale. Yeye akahamishiwa stoo, mimi nikakalia kiti chake. Lazima ajue kabla sijazikwa. Ila nikiwa hai ataniangalia usoni! Siwezi.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata njia. Seva ndogo chini ya kitanda changu huendesha kengele ya kuwaita watu wa nyumbani. Nimeiongezea programu ya JavaScript: kila asubuhi nabonyeza kitufe. Saa nne ikifika sijabonyeza, basi nimekwenda. Kengele inatoa ishara, na msikilizaji, kipande cha programu kinachoingoja, anatuma barua kwa Shemeji peke yake. Kuungama bila kutazamwa! Akili ninayo.

Mjukuu wangu, mwanaprogramu, amechungulia. Akasema Babu, ndani ya msikilizaji neno this, yaani 'mwenyewe', litakuwa kengele, si barua yako, kwa hiyo this.wapokeaji itakuwa orodha ya kengele, watu wote inaowaita. Niifunge kwa bind, amri ya kuishikiza this kwenye barua, au niandike kitendakazi cha mshale, ambacho hakiibadili this. Nikamjibu kwamba nilianza kuandika programu mama yake akitambaa. Akaondoka akitikisa kichwa. Watoto wa siku hizi!

Alhamisi, 6 Machi
Dawa ya kikohozi. Nimelala mpaka saa sita mchana, nikaamshwa na vilio. Nyumba nzima imenizunguka, simu mkononi: "Shemeji, ukisoma haya nimeshakufa. Kosa la maktaba lilikuwa langu." Orodha ya kengele. Watu kumi na saba! Nikaomba chai. Binti yangu akaangusha simu.

Kosa lilelile la maktaba. Mstari kwa mstari.

Ijumaa, 7 Machi
Shemeji amekuja na mkongojo wake. Nikajifanya nimelala. Akasema acha maigizo, maiti gani anachungulia kwa jicho moja. Kumbe alijua siku ileile ya kosa la maktaba! Aliifungua programu, akaona hakuna bind, kama kawaida yangu, akajua mkono wa nani. Alikuwa anangoja niseme mwenyewe. Nikasema. Kwa mdomo wangu, ana kwa ana: nisamehe, Shemeji. Akanishika mkono. Kifua kikawa chepesi kuliko dawa zote.

Kisha akauliza, na programu hii ya jana, nayo umeiandika wewe?

Nikasema ameiandika mjukuu.

Jumamosi, 8 Machi
Shemeji amemkaripia mjukuu nusu saa nzima sebuleni kwa kusahau bind. Mjukuu hanisemeshi, na chai imeletwa baridi. Shemeji lazima ajue ukweli. Ila si nikiwa hai.

Nimeandika barua ya pili, na msikilizaji wake. Bind sikuweka. Haiwezi kutokea mara tatu.