Vitambaa vya Bi Mwahija

Sadick alikuwa bado na kipande cha muhogo mdomoni alipoiona riziki yake. Ilikuwa ndani ya kabati la vioo, sebuleni kwa Bi Mwahija, Kilwa Kivinje: rauta ya intaneti, imesimamishwa nyuma ya vikombe vya harusi na sahani zisizotumika hata Idi, imefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua. Taa zake zilichungulia kwenye matundu ya uzi kama macho ya paka aliyefungiwa.

Nyumba ile ilikuwa ya wageni. Sadick alifikia hapo jana akitokea Mchinga, ambako hewa haikumfaa tena. Tuseme watu wa Mchinga walikuwa wameanza kumwulizia.

"Shikamoo, Bi Mwahija."

"Marahaba, mwanangu. Umelala salama?"

"Salama, ila intaneti chumbani haifiki. Nimeitafuta mpaka nimesimama juu ya kitanda."

Bi Mwahija akashusha pumzi. Msiba wake ulikuwa huo huo. Ijumaa wangekuja wapimaji wa majumba ya kale, watu wanane, kupanga vyumba vyote kwa miezi mitatu, kwa sharti moja: intaneti ifike kila chumba. Isipofika wangekwenda kulala Masoko, naye angebaki na popo.

"Na nilivyoitunza!" akalalamika. "Vumbi haliigusi."

Sadick akameza muhogo. Ukweli aliujua: kile kitu kitolewe kabatini, kiwekwe juu, mahali pa wazi, katikati ya nyumba, na nusu ya shida imekwisha kabla chai haijapoa. Lakini ukweli ni kitu cha kutoa bure, na bure haijawahi kumpikia Sadick ubwabwa.

"Mama, Mungu kakuletea fundi. Nyumba hii inataka viongeza-nguvu, na ninavyo kwenye begi."

"Na malipo?"

Sadick akatazama uani kama mtu anayekagua mawingu. Chini ya turubai ilijitokeza tairi ya pikipiki. "Mimi sina tamaa. Ile ya marehemu mzee naona inakaa tu."

Bi Mwahija akaigeukia pikipiki. "Haikai tu, imekosa dereva. Haya. Intaneti ikifika kila chumba, nitakukabidhi ufunguo mbele ya Mwalimu Abdulwahab wa madrasa."

Ikambidi tapeli afanye jambo asilolizoea, yaani kazi. Aliivua rauta kitambaa, akaitundika juu ya ukuta wa ukumbi, mbali na friji. "Vitu hivi vinapenda hewa, mama," akasema. Vyumba vya mbele vikapona. Vya nyuma vilikuwa vya ukuta wa mawe ya matumbawe, mnene kama kaburi la sultani, na intaneti ilifika pale ikakata roho.

Kwenye begi alikuwa na makasha matatu matupu ya plastiki, kila moja na betri na kitaa cha kijani, pamoja na kisambaza mtandao kimoja cha kweli, alichokipenda kuliko nduguze kwa sababu ndicho kilichomshindia kila jaribio. Akapitisha waya juu ya mlango, akakitundika hicho cha kweli kwenye ujia wa nyuma. Makasha mawili akayatundika kwingine, yang'ae tu.

Bi Mwahija akampigia mpwa wake Nusaiba, aliyeko Lindi mjini, kwa video, akamtembeza chumba kwa chumba.

"Shangazi, rudi nyuma kidogo, naona pua tupu!"

"Na hapa?"

"Hapa nakuona mpaka mwanya! Uko wapi?"

"Chooni."

"Astaghfirullah, shangazi!"

Jaribio lilikuwa limefaulu. Bi Mwahija alipotoka kumwita Mwalimu, Sadick akaruka ujiani, akachomoa kile cha kweli, akaweka kasha tupu mahali pake, akafunga begi.

"Katie udhu, mwanangu," Bi Mwahija akamwambia aliporudi na Mwalimu. "Tunasoma dua."

Sadick alikaa kisimani muda wa heshima. Kisha Mwalimu Abdulwahab akaomba dua ndefu, kuhusu kijana aliyejitolea, watoto wa madrasa na safari za kheri. Macho ya Sadick yalikuwa kwenye pikipiki. Aliitikia amin mahali pote, na pengine mahali pasipohitaji. Akakabidhiwa ufunguo. Injini ikaitika mara moja. Tenki lilikuwa limevikwa kitambaa cha maua. Sadick akacheka moyoni: ajuza huyu hata chuma anakionea haya!

Hakusimama mpaka Somanga, kwa Huseni mnunuzi wa pikipiki kuukuu. Huseni akaizunguka, akasikiliza mlio, akaridhika. Kisha akafanya jambo ambalo Sadick hakulifanya. Alifunua kitambaa.

Kwenye tenki paliandikwa kwa rangi nyeupe: WAKFU WA MADRASA. HAIUZWI.

Huseni akarudi hatua mbili. "Kaka, hii imetolewa kwa ajili ya Mungu. Unataka nikaungue na wewe?"

Sadick alikuwa mwongo, lakini Jehanamu alikuwa anaiogopa kwa dhati. "Basi ninunulie hiki," akasema, akifungua begi. Akatoa kasha tupu, lenye kitaa cha kijani, limefungwa kwenye kitambaa cha kufuma.

Huseni alicheka akajishika mbavu, kisha akampigia simu Mwalimu Abdulwahab. "Anasema dereva mpya hongera. Ubebe na magunia yao mawili ya mchele, nilikuwa nimewahifadhia."

Alasiri, Sadick akasimama kwenye lango la Bi Mwahija, mchele mgongoni mwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Bi Mwahija alikuwa barazani anafuma.

"Mama, ulijuaje?"

"Mwanangu, kwangu kitu hakikai uchi. Nilipokishika kile cha ujiani nikivishe kitambaa, nikakiona chepesi kama ganda la yai. Wewe uko kisimani, mimi nikafungua begi, nikamkuta ndugu yake mzito. Nikamrudishia waya wake." Akapiga fundo. "Nimemwacha wazi. Ulisema anapenda hewa."

Mfukoni simu ya Sadick ikatikisika. Intaneti ya nyumba ile ilikuwa imemfikia mpaka langoni, imejaa pomoni, inamwomba nenosiri.

"Nimelibadilisha," akasema Bi Mwahija bila kuinua macho. "Nitakupa ukishashusha mchele."