Homa ya Kompyuta

Daktari hakuwahi kumtibu mtu wala paka. Jina hilo alijipachika mwenyewe siku alipopata koti jeupe. Wagonjwa wake ni kompyuta, na jua la msimu huu, linalochoma utosi, lilimzalishia wagonjwa kila mtaa.

Alipochungulia duka la uchapaji, roho yake ilisuuzika. Kompyuta ilikuwa imesukumwa hadi ukutani, jua la dirishani likiipiga, na juu yake, jamani, imefunikwa kitambaa kizito cha kufuma!

"Inazimika kila baada ya dakika tano," mama mwenye duka akalalamika. "Na kadi za harusi zinatakiwa leo hii. Mashangazi wa bwana harusi watanitafuna mzima!"

"Hiyo ni homa, mama. Dawa ninayo."

Malipo aliyotaka ni ile printa mpya ya rangi ya pale dukani. Mama akaguna, akakubali. Daktari akavua kile kitambaa, akaivuta mashine mbali na ukuta, akafagia vumbi kwa brashi, akashusha pazia, kisha akawasha feni yake aliyokuja nayo, mali yake pekee ya thamani duniani. Mwisho, kwa taadhima yote ya kitabibu, akadondosha mezani matone matatu ya maji ya bomba. Kompyuta ikatulia, kadi zikaanza kutoka.

Mashangazi watatu wakaingia, wakajibana kwenye benchi. Mama akagusa swichi ya feni. "Nizime sasa?"

"Weee!" Daktari akaruka. "Ukizima kabla ya dozi kuisha, dawa yote inarudi nyuma!"

"Dozi ni siku ngapi?"

"Saba," akajibu kwa madaha. Aliona saba ina uzito wa kitaalamu.

Kadi ya mwisho ilipotoka, akaikumbatia printa kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akataka kuchomoa feni.

"Mwanangu, unaniulia mgonjwa?" Mama akamdaka. "Mashangazi, si mmemsikia wenyewe? Feni ibaki. Na printa nitakupa dozi ikiisha salama."

"Tumemsikia," wakasema kwa pamoja, na hakuna aliyetabasamu.

Daktari akairudisha printa mezani. Akamwinamia mama sikioni. "Kumbe ulijua ni joto tu?"

"Feni yangu iliungua jana," mama akanong'ona. "Nilipokuona unavuka barabara na yako kwapani, nikakimbia kutafuta kitambaa."