Nyegere, Ndege Wake na Basi la Pili

Jumapili, 3 Mei

Nimepoteza uongozi wa Kamati ya Matembezi ya chama chetu cha Wakenya leo, baada ya chai na kabla ya sala ya kufunga. Miaka saba ya utumishi! Kura thelathini na moja kwa nne, na katika hizo nne moja ni yangu. Mama Gakii, mke wangu wa ndoa, aliinua mkono upande wa pili bila hata kunitazama. Mkono wenyewe umeshika sambusa niliyonunua mimi.

Mshindi ni Serah, nesi wa Lewisham, ambaye hajawahi kukodi hata baiskeli. Sera yake moja tu: bahari imetosha, twende bustani ya bembea kwa sababu ya ile filamu ya katuni ya nyegere, sehemu ya pili. Ukumbi ukapiga vigelegele. Watu wazima! Watu wenye mikopo ya nyumba!

Wananilaumu kwa safari ya pwani ya Margate mwaka jana. Eti tulifika maji yameshakupwa. Nani alichelewa? Nilitangaza basi litaondoka saa kumi na moja alfajiri, maana Mkenya ukimtaka saa moja lazima umwambie saa kumi na moja. Wao, wakijua kwamba najua, wakaja saa nne. Hilo ni kosa la hesabu, si la uongozi.

Mwenyekiti wetu, Mzee Talib wa Lamu, alinishukuru kwa maneno matamu kiasi kwamba nilikuwa nimeshafika kituoni ndipo nikagundua nimefutwa.

Niliingia mji huu wa Waingereza na mkoba mmoja. Nikaosha vyungu vya watu mpaka kucha zikalainika. Leo nina magari mawili ya kuhamisha watu nyumba, jina langu, TITUS, ubavuni kwa herufi kubwa. Lakini gari halikusalimii. Siku moja kwa mwaka nilisimama mbele ya basi, kipaza sauti mkononi, watu sitini wakaniita Kiongozi. Huku ugenini ukoo wangu ulikuwa lile basi.

Cheo kitarudi.

Jumanne, 5 Mei

Udhaifu wa adui umepatikana! Serah ametangaza kwamba Jumamosi ya tarehe 16 basi litaondoka mbele ya soko la Woolwich saa moja asubuhi. Nikampigia kumuuliza ni saa moja ya kweli au ya kutangaza. Akasema saa moja ni saa moja, Baba Gakii, kwani hospitali mgonjwa hupewa dawa ya kutangaza?

Masikini. Hawajui watu wake.

Saa moja watakuwepo Serah, dereva, na Mzee Talib aliyeamka kwa swala. Dereva Mwingereza hangoji mtu. Waliobaki wote watasimama kwenye lami na vyakula vyao mikononi.

Nimempigia Nikhil wa Harrow, mwenye mabasi ya kukodi. Baba yake alizaliwa Kisumu. Nikhil hupatana bei kwa Kiswahili na kukataa kwa Kigujarati. Basi la viti hamsini, saa tatu, palepale sokoni. Mimi mlangoni. Walioachwa watalia, nitawafuta machozi kwa viti. Wakishuka bustanini wataona wenyewe nani Kiongozi.

Nikhil akauliza kwa nini wasipande tu basi la kwanza. Nikamwambia yeye aendeshe.

Ijumaa, 8 Mei

Adui huchunguzwa. Nimekwenda sinema na binti yangu Gakii, ambaye filamu hiyo ameshaiona mara tatu. Nilimuuliza swali kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza kwamba naaibisha ukoo na ninyamaze.

Nakiri: hawa watu wa filamu kazi wanaijua. Ukumbi ulijaa mpaka safu ya mbele, ile ya kuvunja shingo. Nyegere ni mfupi, mbishi, hana jamaa, anapigana na simba kwa ajili ya mzinga mmoja wa asali. Nilimwelewa mara moja. Rafiki yake pekee ni ndege mdogo anayemwonyesha asali ilipo. Sasa, mwishoni mzinga unashika moto. Ndege anaingia kwenye moshi kuwaita nyuki watoke. Nyuki wanatoka. Yeye hatoki. Giza.

Mama mmoja nyuma yangu alisema “hapana” kwa sauti ya mtu aliyepigiwa simu ya msiba kutoka kwao. Hakuna aliyeinuka. Majina ya mafundi yakapita yote, hadi la mpishi wao, na watu wamekaa tu. Mimi mkutano wangu haujawahi kufika ajenda ya pili watu wakiwa wamekaa!

Macho yaliniwasha. Ni chumvi ya zile bisi.

Kwenye treni Gakii akanieleza. Mashabiki wamegawanyika: kuna wanaosema ndege amekufa na wanaosema yu hai. Ile bustani ilijenga bembea kubwa iitwayo Mzinga, ikiishia gizani kama filamu. Wiki ya kwanza watu wakatoka wanalia, wakapita maduka bila kununua hata kofia. Barua zikamiminika. Bustani ikabadilisha mwisho wa Mzinga. Wameweka nini? Gakii hajui. Kila aliyepanda ameapa asiseme, na kweli hawasemi. Maelfu ya watu wanatunza siri moja! Woolwich kwetu siri ya mimba haifiki Jumatano.

Jumapili, 10 Mei

Pigo.

Nilitaka kupunguza hamu yao kidogo, wazidi kulala siku ya safari. Nikaandika kwenye kikundi chetu cha Watsapu: Poleni wasafiri, ndege mwenyewe alishakufa, mnaenda kuona nini?

Kumbe nusu ya kikundi walikuwa hawajaiona! Faridah alikuwa ameiweka filamu akiba mpaka siku yake ya kuzaliwa. Akatuma sauti ya kilio tupu, dakika nzima. Zein wa Mombasa, anayesimamia kikundi, akaandika kwamba hata msiba una adabu yake: kwanza husemwa mtu hajisikii vizuri, kisha amelazwa, kisha ndiyo mengine. Halafu akanitoa.

Mama Gakii amenipa ugali bila mboga. Nilipouliza mboga iko wapi, akasema nayo ilishakufa.

Haidhuru. Kiongozi hahitaji kikundi. Anahitaji basi.

Jumamosi, 16 Mei

Niliamka saa moja na nusu, nyumba kimya. Mama Gakii na Gakii wamekwenda. Mke wangu, mtu wa kupaka mafuta huku harusi ikiimba mlangoni, leo amewahi! Nikasema moyoni, haya, viti viwili pungufu kwangu. Nikanywa chai yangu taratibu.

Saa tatu sokoni. Nikhil yupo, nywele kazipaka mstari mweupe toka paji la uso hadi kisogoni, nyegere mtupu. Basi linang'aa. Watu hakuna.

Nikamuuliza Jeff, muuza ndizi, ambaye hupanga meza yake mapema. Akaniuliza kama nawatafuta wale wendawazimu wenye milia. Walianza kufika saa kumi na moja alfajiri! Nyuso zimepakwa, vyungu vimefungwa shuka, wanaimba. Mzee Talib na kofia yake ya kito, ile ya kudariziwa kwa mkono, na mstari mweupe juu ya kofia. Serah akaita majina kabla hata ya saa kumi na mbili na nusu, na kila jina likaitika. Wa mwisho kufika alikuwa dereva. Wakampigia makofi ya pole, wakaondoka.

Kumbe walikubaliana kule kwenye kikundi, nisikokuwepo mimi: anayefika geti la bustani kwanza ndiye anayepanda Mzinga kwanza.

Niliegemea basi. Hakuna aliyewatisha. Hakuna aliyewadanganya saa. Wakenya sitini, kabla ya wakati, kwa ajili ya ndege wa kuchorwa! Miaka saba nimekitafuta kitu hicho kwa ujanja wote nilionao. Lazima kilikuwa kizuri kukitazama.

Nikhil akauliza kama turudi Harrow. Nikamwambia twende bustanini. Watu wawili, viti hamsini. Njiani nilishika kipaza sauti nikatangaza kituo cha choo. Nikhil akapiga honi ya kuafiki.

Foleni ya Mzinga! Nilihesabu mstari mmoja nikazidisha kwa mikunjo: watu elfu moja na mia mbili, na hakuna anayesukuma. Muuza maji akaniambia kabla ya filamu hii bustani ilikuwa inafikiria kufunga katikati ya wiki. Sasa hata zile bembea za vikombe, zilizokuwa zinaota kutu, zina foleni ya waliokosa Mzinga. Kuna ukuta wa mbao ambapo watu humwandikia ndege. Katikati ya michoro ya watoto nikaona mistari miwili ya herufi za Kiarabu, mwandiko wa Mzee Talib. Sikuweza kuisoma. Nikavua kofia.

Msichana mwenye uso wa milia akaniuliza niko upande gani, kafa au yu hai. Nikajibu mimi nina basi tu. Watu wakanikunjia uso. Nikhil akaniokoa, akasema mwenzake huyu bado anaomboleza. Watu wasionijua wakanipapasa bega.

Katikati ya foleni, watu wangu wakatokea upande wa pili wa vyuma vya foleni, wameshapanda, macho mekundu, wanatabasamu kama waliotoka ubatizoni. Nikawauliza kuna nini kule mwisho. Kimya! Hata Faridah, kimya! Mama Gakii akanipitishia chapati juu ya vyuma.

Serah akasimama mbele yangu, akalitazama basi kule kwenye maegesho, akanitazama.

“Baba Gakii, kumbe ulituletea akiba! Ungesema mapema, tukuachie japo wachelewaji wawili.”

Walicheka mpaka foleni nzima ikageuka. Halafu akafungua kigoda chake cha kukunja, akakipitisha juu ya vyuma, akasema goti langu la kushoto halipendi kusimama, aliliona tangu Margate. Akaenda zake. Mpinzani hafai kuwa hivi. Anakuharibia chuki.

Tulipofika mbele nilikuwa wa upande wa yu hai, tena nikiongoza wimbo.

Mzinga wenyewe: unapanda gizani, harufu ya asali, mbao zinavuma kwa nyuki. Halafu chini panaondoka. Niliita jina la marehemu mama yangu kwa sauti ambayo kwetu Meru waliisikia. Kisha kimya, giza, kama kwenye filamu. Na kisha...

Sitaandika, hata humu. Niliapa. Nitasema tu kwamba mimi na Nikhil tulikumbatiana, na picha yake ipo.

Jumapili, 17 Mei

Mkutano wa tathmini. Serah akapigiwa makofi ya kusimama. Nami nilisimama, na nilipiga kwa dhati. Iandikwe.

Ilipofika ajenda ya mengineyo, nikaomba nafasi. Nikasema nimejifunza. Ulimi wangu mwenyewe ukasema hivyo! Watu wetu siku hizi hufika mapema kupita kiasi, wanapigwa na baridi, wazee wanaumia. Kiongozi mzoefu atawafanyia hesabu upya. Sehemu ya tatu ikitoka nitatangaza basi ni saa tatu na nusu, nao, kwa hamu yao, watafika saa mbili, na saa mbili ndipo tutakapoondoka. Safi kabisa!

Zein akauliza itakuwaje mtu akiamini akaja saa tatu na nusu. Nikamjibu Mkenya haamini saa iliyotangazwa, huo ndio msingi wa mpango wote. Na kwa atakayeamini, nimeshaongea na Nikhil kuhusu basi la pili.

Kelele. Mama Gakii akainamisha uso mezani. Mzee Talib akasema maneno yangu ni mazito na yana harufu nzuri, yaachwe yatulie kama kahawa, tutaona.

Nimemtumia ujumbe huu, naunakili hapa:

Shikamoo Mzee Talib. Mimi Titus. Maneno yametulia. Safari ijayo naongoza au siongozi? Jibu ni ndiyo au la. Tutaona si jibu, kukohoa si jibu, na kunisifu si jibu. Nangoja mpaka Jumatano, saa kumi na mbili jioni.